Kuvua samaki kwa ndoano kwenye maziwa madogo ya paki hapa Kentucky, kuanzia springi mpaka winta

Kila nikipandisha picha ya samaki, watu wananiuliza swali lile lile, hivi yale maziwa ya kwenye paki mtu anaruhusiwa kuvua au ni ya kuangalia bata tu? Kwenye mengi unaruhusiwa kabisa, na samaki wengine wamewekwa mle makusudi ili wewe uje uwavue. Kwahiyo leo nimekaa naandika yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa ajili ya ndugu zangu mlioko Lexington, Louisville, Bowling Green na hizo kaunti za pembeni, hasa nyie mlioingia juzi juzi mmetokea Kigoma, Uvira, Bujumbura, huko kote ambako samaki ni samaki na siyo kile kipande cha mraba cha kwenye boksi.

Nianze na kosa langu. Mi nimekulia Kigoma, nimelala kwenye mitumbwi ya dagaa, nikaja hapa nikiwa najiona fundi. Mwezi wa 3 nikachukua ndoano nikaenda ziwa la Jacobson Park, nikachagua upande wenye kina na kivuli kizuri cha miti, nikarusha. Nimekaa masaa manne sijadonolewa hata mara moja, vidole vimekufa ganzi, na ng'ambo kuna mzee mmoja wa Kimarekani kakaa juani kwenye kiti chake cha kukunja anavuta samaki mmoja baada ya mwingine na fimbo ya bei chee. Nikaenda kumsalimia, nikamuuliza mzee siri ni nini, hakunijibu chochote, akanishika mkono akauchovya kwenye maji ya upande wake, yalikuwa na kauvuguvugu. Ya upande wangu yalikuwa barafu.

Basi hapo ndo nikaelewa. Ziwa Tanganyika maji ya juu ni vuguvugu mwaka mzima, nyuzi 24 mpaka 28 hivi, sisi kule tunaangalia mwezi, mbalamwezi ikitoka mnapumzika, giza likirudi mnaingia na taa. Huku habari ya mwezi weka pembeni. Ziwa hili hili moja linatoka karibu na kuganda mwezi wa 1 mpaka maji kama ya kuogea mtoto mwezi wa 7, na samaki anahama, anakula, anagoma, anazaa, yote kwa kufuata joto la maji. Ukishajua maji yana nyuzi ngapi unajua samaki yuko wapi, mengine yote ni vifaa.

HATUA YA 1: LESENI KWANZA, USIBISHE

Kuanzia miaka 16 unatakiwa uwe na leseni ya kuvua ya jimbo la Kentucky. Watoto chini ya 16 hawahitaji. Ukishakaa hapa siku 30 na hapa ndo kwako unahesabika mkazi, unalipa ada ya mkazi ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni, kwahiyo usinunue ya mgeni kwa haraka zako. Unanunua kwenye tovuti ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, au Walmart pale kaunta ya vifaa vya michezo, dakika kumi umemaliza. Chapisha karatasi ukae nayo kwenye pochi. Askari wa wanyamapori akija anakuomba leseni na anataka kuona samaki ulionao, unamwonyesha, anakutakia siku njema, anaondoka, ndo kazi yake, hakuna haja ya kukunja ndoano na kukimbia kama nilivyoona jamaa mmoja anafanya wakati leseni anayo mfukoni.

Ila sikiliza hapa maana wengi wanaingia mkenge: mwaka wa leseni hauanzi Januari, unaanza tarehe 1 mwezi wa 3 na unaisha siku ya mwisho ya mwezi wa 2. Ukinunua mwezi wa 1 umenunua leseni ya wiki chache. Na kama unataka kujaribu kwanza uone kama unaipenda, Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa 6 kila mtu anavua bure bila leseni, lakini vipimo na idadi ya samaki vinabaki vile vile.

HATUA YA 2: CHAGUA ZIWA LENYEWE

Jimbo lina mpango wake ulioanza 2006 wa kuvua jirani na nyumbani, unaitwa FINs (kifupi cha Fishing in Neighborhoods), na una maziwa zaidi ya 40, mengi yako ndani ya paki za miji. Lexington ni Jacobson Park. Ukienda Nicholasville kuna Lake Mingo. Louisville wana kadhaa, Tom Wallace na Waverly zikiwemo, na Bowling Green kuna Basil Griffin. Kwenye haya maziwa idara inaleta kambare kwa lori miezi ya joto na trauti miezi ya baridi, na ratiba wanaiweka wazi kwenye tovuti yao. Besi na blugili, samaki wa huku ambao nitawaelezea mbele, wanazaana wenyewe humo humo.

Sheria za maziwa ya FINs ni tofauti kidogo na maziwa mengine: kambare wanne kwa siku, na awe na urefu wa inchi 12 kwenda juu, yaani sentimita 30. Besi mmoja tu kwa siku, na lazima afike inchi 15, sentimita 38. Blugili na ndugu zake 15. Trauti watano. Kwa siku kwa mtu mmoja, siyo kwa kila safari, usiende asubuhi ukarudi tena jioni ukaanza kuhesabu upya. Pale ukingoni kuna kibao kimeandikwa yote, kisome kila mwaka maana sheria huwa wanazipitia. Kumpima unamlaza juu ya rula, mdomo umefungwa, mkia umebanwa.

Na wavu acha nyumbani. Najua mikono inawasha, mi mwenyewe inaniwasha nikiona kundi limepita, ila samaki hawa wanavuliwa kwa ndoano na mshipi basi.

HATUA YA 3: VIFAA, NA USIDANGANYIKE NA DUKA

Ukiingia yale maduka makubwa ya uvuvi utatoka umemaliza mshahara. Rafu nzima imejaa samaki wa plastiki wenye macho, mi naamini wale wametengenezwa kumnasa mvuvi kuliko samaki. Kwa kuanzia unahitaji hivi: fimbo moja ya futi 6 yenye rili ya kubonyeza (ile ambayo hata mtoto wa miaka sita anairusha), mshipi wa pauni 6 au 8 (yaani uzito unaoweza kuuvuta bila kukatika), pakiti ya ndoano ndogo namba 8 kwa ajili ya blugili, pakiti ya ndoano kubwa namba 2 au 1/0 kwa kambare, maboya madogo, chubwi ndogo za kubana na meno ya plaizi, plaizi yenyewe, na ndoo. Kijiwavu cha mpini cha kumnyanyulia samaki aliyekwisha nasa ndoanoni ni kizuri kuwa nacho kwa kambare mkubwa. Ongeza kipimajoto cha bei nafuu, kifunge kwenye kamba ukiteremshe majini futi tatu hivi, ukihesabu mpaka mia moja ndo ukitoe usome. Watu wananicheka na kipimajoto changu ila ndoo yangu hawaicheki.

Kufunga: ndoano mwisho wa mshipi, chubwi moja umbali wa kiganja juu yake, boya futi mbili au tatu juu. Boya liwe dogo, dogo kabisa, ukiweka boya kubwa kama limau samaki akivuta anasikia uzito anatema. Boya likilala au likitembea pembeni hiyo pia ni samaki, usisubiri mpaka lizame.

HATUA YA 4: CHAMBO

Nyungunyungu. Ningeweza kuishia hapo. Kila samaki wa ziwa hili anakula nyungunyungu, wanauzwa kwenye vikopo Walmart na hata vituo vya mafuta vya barabarani, au usiku baada ya mvua toka nje na tochi utawakuta wamelala juu ya majani, okota taratibu ukikanyaga kwa kishindo wanarudi shimoni. Wanakaa kwenye friji wiki kadhaa. Mimi na mama watoto tuna mkataba, kikopo kinakaa droo ya chini kabisa na kimefungwa na rababendi mbili, ya pili iliongezwa baada ya tukio ambalo sitalielezea.

Kosa la wengi ni kumweka nyungunyungu mzima mrefu kwa samaki mwenye mdomo kama kifungo cha shati. Blugili anadonoa ncha zinazoning'inia anakuacha na ndoano tupu. Mkate vipande vya nusu inchi, funika ncha ya ndoano tu inatosha. Kwa kambare ndo unaweka mzima, au unatumia maini ya kuku, na maini yanachomoka ukirusha kwahiyo yaache juani kidogo yakauke juu afu yazungushie uzi wa kushonea. Soseji iliyokatwa pia anakula, kambare hana maringo.

Na ugali? Ndio, nimejaribu, sima ngumu ya dona iliyolala, unafinyanga donge kama gololi. Blugili wadogo wanaimega inaisha, ila yale masamaki makubwa ya magamba ya dhahabu yanayoitwa kapi ambayo yapo kwenye maziwa mengi ya huku yanaupenda kweli kweli. Wamarekani nao wanafinyanga madonge yao ya unga wa mahindi kwa kazi hiyo hiyo, kwahiyo hatujawaletea kitu kigeni.

HATUA YA 5: SPRINGI, MWEZI WA 3 MPAKA WA 5

Hiki ndo kipindi ambacho ziwa linabadilika kila wiki, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwanzoni mwa mwezi wa 3 maji bado yako nyuzi 7 mpaka 10 za selsiasi (kwa wanaosoma kipimo cha huku ni 45 mpaka 50). Samaki hajalala ila ana uvivu, anakula kidogo na hakimbizi kitu. Hapo sasa kumbuka mkono wangu na yule mzee. Jua la huku kipindi hicho linapita upande wa kusini, kwahiyo ukingo wa kaskazini ndo unapigwa na jua siku nzima, na ukiwa umekingwa upepo wa kaskazini ndo kabisa. Tafuta kona ya kaskazini yenye maji mafupi na tope jeusi chini, tope jeusi linashika joto, mawe nayo yanashika. Na usiende asubuhi na mapema, hii ndo tofauti na nyumbani, springi mapema saa nzuri ni kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja jioni, maji yakishapata jua. Siku tatu za jua mfululizo ni bora kuliko siku moja ya jua kali iliyofuata baridi.

Maji yakifika nyuzi 15 mpaka 18 anaanza kuingia krapi na besi. Wenyeji hawaangalii hata kipimajoto, wanaangalia mti, kuna mti mdogo wa porini unaochanua maua ya zambarau ya kuelekea waridi kabla ya kutoa majani, unaitwa redibadi, mwezi wa 4 unauona kila barabara. Redibadi ikichanua, krapi yuko ukingoni. Krapi ni samaki bapa mwenye rangi ya fedha na madoa meusi, mdomo wake ni laini kama karatasi, ukivuta kwa nguvu za Kigoma unachanika unabaki na mdomo, inua fimbo tu polepole. Anakaa kwenye miti iliyoangukia majini na chini ya magati, weka boya futi tatu juu ya ndoano yenye samaki mdogo hai wa dukani au kajigi kadogo, ile ndoano yenye kichwa kizito na mkia wa manyoya au mpira.

Besi mdomo mkubwa yeye anachimba kiota chake ukingoni, utaona duara jeupe kwenye maji ya kiunoni na dume amesimama juu yake kama askari geti. Atapiga chochote kinachosogea pale, siyo kwa njaa, kwa hasira. Mi besi wa kwenye kiota namwacha. Ukimtoa hata dakika tano, wale blugili waliokuwa wanamzunguka wanaingia wanakula mayai yote. Ukimpata bahati mbaya mrudishe hapo hapo haraka.

Afu maji yakifika nyuzi 20 na kitu, mwezi wa 5 kuelekea wa 6, ndo sherehe. Blugili wanaingia kwa makundi. Nenda ukingo wenye mchanga au kokoto, vaa miwani ya jua, utaona viota vya mviringo vimepangana kama sinia kwenye harusi, kumi, ishirini, na kila kiota kina dume lake. Blugili kwa ambaye hajamwona ana umbo la perege, mwili mpana, kidoa cheusi nyuma ya shavu, dume kifua chake kinakuwa cha chungwa. Hana undugu na perege lakini kwenye sahani utamsamehe. Simama mbali kidogo, usimwagie kivuli chako, rusha kipande cha nyungunyungu au nyenje mmoja pembeni ya viota. Hapa ndo pa kuwaleta watoto. Mtoto akikaa nusu saa bila kudonolewa umempoteza, atarudi kwenye simu, lakini wiki hizi mbili tatu za blugili hata wewe utachoka kutoa ndoano. Chukua wa kutosha mboga, na wale madume wakubwa kabisa warudishe baadhi, ndo wanaolinda kiota, ukiwamaliza ziwa linabaki na vidogo vidogo.

HATUA YA 6: SAMA, MWEZI WA 6 MPAKA WA 8

Wengi wanaanza kuvua sama kwa sababu watoto wamefunga shule, afu wanaenda saa sita mchana, wanaungua, hawapati kitu, wanasema ziwa halina samaki. Samaki wapo, ila maji ya juu yamepita nyuzi 27 na wao wamekaa mahali.

Ziwa dogo likipata joto linajigawa kama chai ambayo haijakorogwa. Juu maji ya moto mepesi, chini maji baridi mazito, na hayachanganyiki. Yale ya chini hayapati hewa, na vinavyooza chini vinaimaliza ile iliyokuwepo, mpaka mwezi wa 7 kwenye maziwa mengi madogo ukishuka chini ya futi 8 mpaka 12 hivi hakuna hewa ya kutosha samaki kuishi. Kwahiyo yule anayerusha katikati na chubwi nzito chambo kizame mpaka chini kabisa, anavua kaburini. Kaa futi 4 mpaka 8, karibu na kivuli, magati, majani ya majini, na kama kuna mashine ya kurusha maji juu ile fauntini, pembeni yake pana hewa nzuri.

Saa ni alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jua linapotoka mpaka saa tatu, au jioni. Jua la mwezi wa 6 hapa Lexington linazama saa tatu usiku, mtu anatoka zamu ya kiwanda saa tisa, anakula, analala kidogo, anaenda kuvua na bado kuna mwanga. Angalia tu saa ya kufunga paki kwenye ubao wa geti.

Sama ni ya kambare. Anaitwa kambare wa mtoni na wenyeji wanamwita cheneli, mkia umegawanyika kama wa mbayuwayu, mwili wa kijivu una vidoa, masharubu manane. Anakula kwa kunusa, kwahiyo chambo kinuke. Toa boya, weka chubwi nzito kidogo, chambo kilale chini lakini kwenye maji mafupi kama nilivyosema, egemeza fimbo kwenye mhimili na uwe karibu, kambare akibeba anabeba na fimbo. Ya kwangu moja iko ndani ya Jacobson mpaka leo.

Kumshika: ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ya mbavuni nyuma ya mashavu. Siyo masharubu yanayochoma, ni hiyo miiba. Pitisha kiganja kutoka tumboni, vidole vikae nyuma ya miiba ya mbavuni. Na kitu kingine ambacho kilinitia aibu, sisi tumezoea kambare wetu wa nyumbani anayepumua hewa, unamweka kwenye ndoo kavu anafika sokoni mzima. Huyu wa huku hapana. Niliacha wawili kwenye ndoo juani nikijua wanadunda tu, baada ya saa moja walikuwa wamekufa na wameanza kulegea. Njoo na deli lenye barafu, ukimpata mpige kichwani, mkate mashavu damu itoke, barafuni.

Ukifika naye nyumbani kumsafisha, kambare hana magamba, ana ngozi. Izungushie kisu shingoni, ishike na plaizi, ivute kuelekea mkiani kama unavua soksi. Afu ule mstari mwekundu uliokolea ubavuni na mafuta ya njano vikate utupe, harufu ya tope iko humo. Loweka kwenye ndimu na chumvi nusu saa. Mawese yanapatikana duka lolote la Kiafrika mjini, kitunguu, nyanya, pilipili, maliza na ugali, sina cha kuongeza. Blugili yeye mpare magamba, toa utumbo na kichwa, mchane mistari mbavuni, vitunguu saumu na ndimu, mkaange mzima akauke mpaka pezi litafunike.

Suala la zebaki lipo, siwafichi, jimbo lina tahadhari ya zebaki kwa samaki wa maji yake yote. Samaki wanaokula wenzao kama besi wanakusanya zaidi, blugili kidogo. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wanatakiwa wale kwa kiasi zaidi kuliko sisi, viwango viko kwenye kitabu cha sheria za uvuvi ambacho ni bure.

Mengine ya sama haraka haraka: kupe, kagua miguu na watoto ukirudi. Majani yanayokaa matatu matatu usiyashike yanawasha wiki nzima. Radi ikisikika hata kwa mbali weka fimbo chini uende kwenye gari, fimbo nyingi za sasa zina kaboni zinapitisha umeme, na wewe umesimama ukingoni umeinyanyua juu kama mlingoti. Utumbo usitupe ziwani wala kwenye pipa la paki.

HATUA YA 7: FOLI, MWEZI WA 9 MPAKA WA 11

Watu wengi wanakuwa wameshafunga vifaa, paki iko kimya, na mi nasema ndo miezi mizuri kuliko yote baada ya ile ya blugili. Usiku unaanza kuwa wa baridi, maji ya juu yanapoa yanakuwa mazito yanazama, ile chai inajikoroga. Kuna wiki moja au mbili maji yanachafuka na kunuka kidogo na samaki wanagoma, usikate tamaa, ni ziwa linageuka. Baada ya hapo hewa imefika mpaka chini, samaki wametawanyika kila mahali na wana njaa ya kujiandaa na winta.

Besi anawafukuza samaki wadogo ukingoni mpaka unaona maji yanaruka. Mtegee nyungunyungu wa mpira mrefu wa inchi 5, ndoano imepita katikati ya mwili, bila chubwi, rusha, acha azame mwenyewe, usifanye kitu. Kuacha bila kufanya kitu ndo kugumu kuliko yote. Mshipi ukianza kwenda pembeni, vuta. Ukimpata, kama hajafika inchi 15 anarudi, kama amefika mi namrudisha pia, ila siyo sheria ni mapenzi tu, na nyama yake mbele ya blugili haina maajabu.

Majani yakishapukutika yanafunika ukingo na ndoano inashika majani kila ukivuta. Hamia upande ambao upepo unatokea, majani yanasukumwa ng'ambo.

HATUA YA 8: WINTA, MWEZI WA 12 MPAKA WA 2

Hapa ndo wenzangu wananiita kichaa. Lakini kumbuka trauti, samaki wa maji baridi, anafugwa kwenye mabwawa ya serikali afu analetwa kwenye haya maziwa kuanzia foli. Maji yakipanda joto sama inamuua, kwahiyo hakuna maana ya kumhurumia, amewekwa ili avuliwe. Ukitaka kubaki na trauti unahitaji kibali cha trauti juu ya leseni ya kawaida, usisahau. Anakula nyungunyungu kipande, punje za mahindi ya kopo, au ule unga uliokandwa laini wa rangi rangi unaouzwa kwenye vichupa. Mshipi mwembamba wa pauni 4, ndoano namba 10, boya dogo. Siku chache baada ya lori kupita anakuwa bado mjinga anazunguka karibu na pale alipomwagwa.

Blugili na krapi nao wapo, wamejikusanya kwenye kina, maana maji yenye nyuzi 4 ndo mazito kuliko yote yanakaa chini na juu ndo kunaganda, kwahiyo kinyume na sama, sasa chini ndo kwenye afadhali. Kipande kidogo kabisa cha chambo, karibu na chini, na mwendo wa kobe.

Barafu usiikanyage. Labda umeona video za Minnesota watu wanaendesha magari juu ya ziwa, kule inaganda miezi. Hapa inaganda usiku inalegea mchana, ukiiangalia unaona ngumu lakini katikati ni nyembamba kama kioo cha dirisha. Imeganda, rudi nyumbani, safisha rili yako, badilisha mshipi uliokaa mwaka mzima juani, noa ndoano.

Na weka alamu kwenye simu siku ya mwisho ya mwezi wa 2 kwa ajili ya leseni mpya, afu subiri siku tatu za jua mfululizo, uje ukingo wa kaskazini saa saba mchana. Ukikuta mtu ana kipimajoto kimefungwa kwenye kamba ni mimi, kiti cha pili huwa ninacho kwenye gari.